Chumba cha Kwanza Kushoto

Mwendeshaji wa kompyuta haingii chumba cha mashine na viatu. Huvivua mlangoni na kuvigeuza vitazame nje, kisha hujifunika kanga mabegani kwa baridi ya kiyoyozi. Tangu kiwanda chao cha Morogoro kiuzwe, kazi za kompyuta mbili za zamani zimehamia ndani ya kompyuta moja kubwa. Kila kazi imebuniwa mashine yake ya kufikirika humohumo, na inajiona iko peke yake. Siku moja Mwaisha, karani wa wastaafu, alivua vyake kando ya vile, akamjia mbio na karatasi mbili. Taarifa za wastaafu na za mauzo zilionyesha anwani ileile, namba ya mahali zinapohifadhiwa ndani ya kompyuta.

"Dada, moja imeifuta nyingine. Wazee wetu wamepotea."

Mwendeshaji hakuinua sauti, huwa hainui. "Kwenu Mafiga unalala chumba gani?"

"Cha kwanza kushoto."

"Hata mimi kwangu, cha kwanza kushoto. Tumewahi kugongana?"

Kidole chake kikateremka polepole kwenye skrini: anwani inayojulikana na programu, chini yake ya mashine ya kubuniwa, chini kabisa mahali penyewe. Palikuwa pawili, mbalimbali. Akabonyeza, printa ikaanza kukwaruza majina ya wazee, la baba yake Mwaisha likiwemo. Mwaisha aliondoka akicheka peke yake, na alipofika getini ndipo alipogundua amevaa viatu vya mwenzake.