Siku Akina Mama Walipokunja Mikono

Umewahi kuona wanaume saba wa suti na tai wakitolewa jasho na mtu ambaye hana hata jino moja mdomoni?

Mimi nimeona. Kanisani, mchana kweupe, theluji imejaa nje, na kipaza sauti kiko wazi.

Najua wanaonifahamu wanasema LaRue Jorgensen akikwambia mvua inanyesha, toa mkono dirishani kwanza. Sawa. Niliendesha basi la shule hapa bondeni Sanpete mpaka nikastaafu, na dereva wa basi la shule asiyejua kutunga hadithi huliwa mzima mzima na watoto. Lakini hii ina mashahidi. Kusanyiko lote lilikuwepo.

Tuanzie jikoni kwangu.

Mjukuu wangu Maren alikuwa amejifungua binti, Ione, baada ya kupoteza mimba tatu. Kwa hiyo Ione hakuwa mtoto tu. Alikuwa bao la dakika ya mwisho.

Mumewe anaitwa Kosta, kijana wa Kigiriki kutoka Price, ng'ambo ya milima. Si wa kanisa letu. Anakunywa kahawa, ambayo kwetu ni mwiko, waziwazi, mbele za watu. Nampenda hivyo hivyo.

Baba yake Maren ni Verl, mwanangu wa kwanza. Verl anafuga bata mzinga. Na ndiye askofu wetu.

Usishangae. Kwetu askofu halipwi wala hasomei. Anaitwa tu, Jumapili anavaa tai, Jumatatu anarudi bandani. Kwa hiyo mtu niliyemfuta kamasi ndiye huyo huyo ninayemwomba ruhusa. Dunia ina vituko.

Ijumaa ile Maren na Kosta walikuwa kwangu na mtoto, Verl akaingia moja kwa moja kutoka bandani, hajavua hata koti, akamshika mjukuu wake mguu.

Mtoto akapasua yowe. Mbwa wa jirani akaitikia.

"Toa hayo mabarafu yako!" nikamfokea. "Huyu hataki mikono baridi hata chembe. Ukimgusa hivyo ni king'ora!"

"Samahani, Mama." Akarudi nyuma akijipulizia viganja.

Maren akampakata bintiye, kimya kikarudi. Halafu akasema bila kuinua macho, "Baba, kuhusu Jumapili. Nataka nimshike mimi."

Nadhani hata friji ilizima.

Kwetu mtoto mchanga hubarikiwa na kupewa jina mbele ya kanisa. Wanaume wenye ukuhani husimama duara, mkono wa kushoto begani kwa jirani, wa kulia chini ya mtoto. Wanamtikisatikisa polepole huku mmoja akiomba. Wanawake hatuna ukuhani. Mama anabaki kwenye benchi.

Mimi nimezaa watano. Ukiniuliza nakumbuka nini siku walipobarikiwa, nitakujibu: migongo. Migongo ya suti, mara tano.

"Kumshika tu, Baba," Maren akasema. "Sitafungua mdomo. Wewe ndiye utaomba."

"Mwanangu, duara ni la ukuhani. Si mimi niliyepanga."

"Kosta hamumtaki, sawa, si muumini. Mimi nimebatizwa tangu nina miaka minane. Nimewafundisha watoto wenu. Nimepika viazi vya misiba yenu yote. Na mimi pia hapana?"

"Ningekuwa na uwezo..."

"Unao. Wewe ndiye askofu."

Verl akakuna shingo. "Jumapili hii Rais Lundquist atakuwepo." Huyo ndiye mkubwa wa maaskofu wote wa eneo letu. "Nikikuita mbele yake, nitaonekana nimepindisha utaratibu kwa ajili ya damu yangu."

Maren akafunga mkoba wa nepi. Zipu ile ilikata kama kisu.

"Kosta amepata kazi mgodini, kule Elko, jimbo jingine. Tunahama mwezi ujao. Nilipanga tuwe tunarudi Jumapili moja moja." Akamfunika mtoto blanketi. "Jumapili hii nitamleta, kwa heshima yako. Lakini nikikaa kwenye lile benchi, Baba, ndiyo mara ya mwisho. Msinitafute tena kanisani. Na hizo Jumapili msizingoje."

Verl akageuka, akarudi bandani kwake. Mtu anayeamrisha bata mzinga elfu nzima, ameshindwa na binti mmoja.

Kosta alipokuwa akitoka akaniminya bega. "Bibi, mimi nimekaa kimya. Nikifungua mdomo hapa mtasema kahawa ndiyo inaongea."

Nikabaki nakitazama kiti cha mtoto kilichoachwa wazi. Elko si jirani. Nikaona kabisa nazeeka na kitukuu wa kwenye picha.

Hapana. Hilo halipiti.

Kesho yake asubuhi nikavaa buti nikaenda kwa Arvilla, kiongozi wa umoja wetu wa akina mama.

Kusanyiko letu linaongozwa na mwanaume, hilo halina ubishi. Lakini ukitaka kujua nani amelazwa, nani hana kuni, na nani hasemi na mumewe, humuulizi askofu. Unamuuliza Arvilla. Askofu mwenyewe humuuliza Arvilla.

Nilimkuta anakwangulia karoti kwenye jeli ya kijani, saladi ya kwetu.

"Arvilla, mtoto akilia kanisani, mwanaume wa kwetu hufanya nini?"

"Anamtazama mwanamke aliye karibu."

"Mkewe?"

"Yeyote mwenye sketi."

"Sasa je, kesho akitazama, akakuta sketi zote zimeinamisha vichwa na kukunja mikono?"

Karoti ikasimama hewani. "Dada LaRue, huo ni uasi."

"Uasi uko wapi? Si ndicho tunachowafundisha watoto kila Jumapili? Kunja mikono, fumba macho, heshimu sala. Kesho tutaiheshimu sala mpaka ishangae."

"Na mtoto asipolia?"

"Tutakuwa tumesali. Kuna hasara?"

Arvilla akacheka mpaka akashika meza. Halafu kicheko kikamwishia, akabaki anaitazama ile karoti.

"Mimi niliwabarikisha wanne," akasema. "Sikuona hata kidole." Akafuta mikono kwenye aproni. "Ngoja nipige simu mbili tatu."

Simu mbili tatu za Arvilla ni sawa na redio ya taifa.

Jumapili ikafika na baridi ya kuvunja meno. Mlangoni namkuta askofu wetu mwenyewe ameshika koleo, anasukuma theluji kwenye ngazi. Mikono mitupu, imekuwa myekundu kama ya mtu aliyechinja.

"We mtoto, glavu ziko wapi?"

"Nimesahau, Mama."

"Unakaribia kustaafu na bado unasahau glavu? Ingia ndani, usituletee nimonia!"

"Nakuja. Imebaki ngazi hii moja."

Ndani, Rais Lundquist alikuwa ameketi mbele, amenyooka kama nguzo ya umeme. Maren alikaa kando yangu, Ione mapajani, uso mkavu. Kosta alivaa suti yake ya harusi na alikuwa akiitazama njia ya kutokea.

Wimbo wa kufungua ukaanza, Verl hayupo. Ubeti wa pili, hayupo. Akaingia tunamalizia wa mwisho, mashavu mekundu, akaenda moja kwa moja mbele na kuwaita wanaume.

Wakaja. Washauri wake wawili, kaka wawili wa Maren, binamu mmoja, na Kaka Orval (kwetu waumini wote huitana kaka na dada), mzee mwenye kifaa cha kusikia ambaye hubariki kila mtoto hata asipoalikwa.

Maren akampeleka Ione, akamkabidhi, akarudi kukaa.

Verl akapitisha mkono chini ya blanketi.

Jamani.

Vioo vya madirisha havikupasuka, lakini vilifikiria.

Wanaume wakaanza kumtikisa haraka haraka, kama watu wanaochekecha unga. Mtoto akaona hawa wanamchezea, akaingiza gia ya nne. Verl anajaribu kusema "Baba yetu wa Mbinguni," haendi popote. Yowe linapita kwenye kipaza sauti, linazunguka kanisa, linarudi kuchukua lingine.

"Zimeni hiyo mashine!" Kaka Orval akapaza sauti, akikishika kifaa chake sikioni. "Inapiga kelele!"

Watoto wakaangua kicheko.

Ione akacheua. Tai ya mshauri wa kwanza haijapona mpaka leo.

Hapo sasa ndipo walipofanya nilichojua watafanya. Vichwa vyote saba vikageuka kwenye mabenchi, kutafuta sketi.

Wapi!

Akina mama wote wamekunja mikono. Vichwa chini, macho yamefumbwa, kuanzia mabibi mpaka wasichana wa sekondari. Sijawahi kuona unyenyekevu kama ule tangu nizaliwe.

Mshauri wa kwanza akamnong'oneza mkewe benchi la mbele, na kipaza sauti kikasikia. "Janeal! Psst! Mchukue!"

"Nasali," akajibu Janeal, macho yakiwa yamefumbwa.

Patamu hapo.

Lakini Maren hakujua mpango wetu. Alikuwa ameshainuka nusu pembeni yangu. "Bibi, analia."

"Nasikia."

"Naenda."

"Ngoja uitwe."

Nikamshika sketi. Nimewahi kushikilia usukani wa basi lililojaa watoto kwenye mteremko wa barafu. Ile sketi ilikuwa nzito zaidi.

Rais Lundquist akainuka kidogo kwenye kiti, akakaa tena.

Ndipo Verl akageuza uso kwenye kipaza sauti. Jasho linamtiririka. "Maren," akasema. "Binti yangu. Njoo umshike mwanao."

Sketi ikanitoka mkononi.

Duara likafunguka. Maren akaingia, akamchukua Ione, akamlaza kifuani. Wanaume wakatazamana, hawajui mikono waipeleke wapi, mpaka Kaka Orval akapitisha mkono wake chini ya mikono ya Maren kama jambo la kila siku. Wengine wakafuata.

Ione akakata kilio kama redio iliyochomolewa. Akapiga kwikwi moja. Basi.

Verl akaomba, akampa jina. Tunatakiwa tufumbe macho. Sikufumba. Kati ya bega na bega la suti, kwa mara ya kwanza maishani mwangu, niliona uso mle ndani. Kosta naye hakufumba. Alikuwa akilia kama mtu aliyekatishwa vitunguu gunia zima.

Ibada ilipoisha, Rais Lundquist akamfuata Verl kwenye korido. Nikasogea karibu, nikainama kufunga kamba za viatu. Buti zangu hazina kamba.

"Askofu."

"Rais."

"Nimeona mtoto analia na mama yake akimnyamazisha."

"Ndiyo, Rais."

"Sijui sheria inayokataza hilo." Akavaa kofia yake, akaiweka sawa. "Lakini isiwe mazoea."

Akaondoka.

Nikamfuata Verl mpaka kwenye gari lake, natembea kifua mbele kama jogoo. "Haya, mwanangu, leo akina mama tumekuweza! Ile mikono iliyokunjwa ulidhani ni Roho amewashukia? Ni mimi na Arvilla!"

Akanitazama. Kisha akaingiza mkono mfukoni mwa koti na kutoa glavu zake. Kavu. Nene. Zimekunjwa vizuri.

"Si ulisema umesahau?"

"Mama, wewe ndiye uliyenifundisha Ijumaa. Ukimgusa hivyo ni king'ora."

Nikazitazama zile glavu, nikaitazama mikono yake myekundu.

"Habari ya kukunja mikono sikuijua," akaendelea. "Hapo ndipo nilipodhani nimekwisha. Nilimliza kidogo tu ili mtu anionee huruma, aseme 'Askofu, mwite mama yake.' Nageuka kutafuta mwenye huruma, naona nywele tupu!"

"Mjinga wewe! Si ungemkubalia tu tangu Ijumaa?"

"Ijumaa ningekuwa askofu aliyevunja utaratibu. Leo nilikuwa babu aliyeshindwa na mtoto. Nani atamshtaki babu?"

Mtoto wa nyoka ni nyoka. Nilicheka mpaka nikaegemea gari, na baridi yote ile.

Mchana tulikula kwangu. Maren alimweka Ione mapajani mwa baba yake, lakini kwanza akamwambia, "Lete mikono," akaipasha moto kati ya yake, polepole, pande zote mbili. Sijui kama alijua. Hakusema.

"Pasaka tutakuja, Bibi," akaniambia akipakua viazi. Na wamekuja, Pasaka na Jumapili nyingine kadhaa. Kosta huja na chupa yake ya kahawa, huinywea barazani.

Walipoondoka siku ile nikaanza kuosha vyombo huku nikijisifu peke yangu. Katikati ya sahani, kicheko kikaniishia.

Hebu tazama. Askofu aligandisha mikono. Arvilla alipiga simu. Mimi nilimzuia mama sketi huku mwanawe akilia. Kanisa zima la watu wazima, wote tunampenda Maren, na hakuna hata mmoja wetu aliyesimama kusema, mpeni mama mtoto wake.

Kazi hiyo tukamwachia mtu asiye na jino. Naye akaisema, kwa lugha pekee aliyokuwa nayo.

Kwa hiyo siku ukisikia mtoto analia mahali pa heshima, usiwe mwepesi wa kumnyamazisha. Huenda humo ndani ni yeye peke yake anayesema kweli.