Sauti Iliyotoka Mtungini

Ilikuwa na sauti. Hatibu, kaka yangu, aseme atakavyo mbele ya wateja wake, kwamba kompyuta yetu ya kwanza ilikuwa bubu mpaka yeye alipokwenda kutafuta spika, lakini ilikuwa na sauti. Jana nilipombishia alicheka akaniuliza mbele ya watu, "We Mwanaidi, ile ingesema kwa mdomo gani?" Mdomo ilikuwa nao, ndani ya boksi lake la bati: duara dogo jeusi, upana wa kikombe cha kahawa, na nyaya mbili nyembamba. Sauti yake ilikuwa kali na ya puani, kama nyenze aliyefungiwa kwenye kiberiti. Haikuweza kutoa sauti mbili kwa wakati mmoja, kwa hiyo ikitaka kupiga wimbo ilizikimbiza sauti moja moja, upesi upesi, mpaka sikio linadanganyika kwamba zinalia pamoja. Mtu ambaye hakuisikia hawezi kuyajua hayo. Mimi nayajua kwa sababu niliitoa mwenyewe, kwa mikono hii, na Hatibu anajua kwamba najua, ndiyo maana alicheka kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika.

Nilikuwa kidato cha pili, wakati wa masika. Kiwanda alichofanya kazi baba kilikuwa kimebinafsishwa, na mwenye mali mpya hakuwataka makarani wa zamani. Wakaambiwa kiinua mgongo kitachelewa, kwa sasa kila mtu achukue kitu. Jirani yetu alirudi na milango miwili na feni. Baba, karani wa stoo kwa miaka yote ninayomjua, alirudi kwetu Ngamiani na kompyuta juu ya mkokoteni, imefunikwa turubai, yeye mwenyewe kaloa chapachapa. Sebule yote ikanuka vumbi la mkonge na grisi. Mama, ambaye tangu wiki hiyo alikuwa amepunguza sukari kwenye chai bila kusema neno, aliifumia kitambaa cheupe chenye maua kama cha redio, akaifunika, akaweka juu yake maua ya plastiki. Watu walikuja kumpa baba pole ya kazi na kumpa hongera ya kompyuta kwa mkono uleule. Baba aliitikia yote mawili kwa uso mmoja. Kutwa alikaa kwenye kiti chake mkabala na ile mashine, kofia magotini, kama anayesubiri kuitwa jina.

Pamoja nayo zilikuja diski mbili za gemu, za mhasibu mmoja aliyekuwa akicheza saa za kazi. Gemu lilikuwa la kijitu kinachoruka mashimo na kuokota funguo. Hatibu, aliyekuwa amemaliza kidato cha nne na kukaa nyumbani, alilimiliki siku ileile. Umeme ulikuwa wa mgao, na ukirudi tu yeye yuko pale. Mimi nilikuwa nasimama nyuma yake na ungo wa mchele mkononi. Kijitu kiliruka kimya, kikaanguka kimya, kikafa kimya, na mimi niliona uchungu ambao siwezi kuueleza, kwa sababu kila kikifa kilifungua kinywa na ilikuwa wazi kwamba kuna kitu kinasema. "Haina spika," Hatibu alisema. "Mpaka baba anunue spika." Madukani zilikuwa zimejaa. Miaka ile kila kitu kiliruhusiwa kuingia, maduka ya barabarani yakajaa redio na feni na spika, na sisi tukawa tunapita kuzitazama kama tunavyotazama harusi ya watu.

Nilichokiona mimi ni kwamba kila gemu likianza linauliza swali, na Hatibu anabonyeza moja bila kusoma. Nilipomuuliza kwa nini moja, alinijibu, "Moja ndiyo ya kwanza, unataka nibonyeze ngapi, Profesa?" Siku aliyokwenda kwenye mpira nilikaa na kamusi ya shule. Swali lilikuwa juu ya sauti ipitie wapi. Moja na mbili zilikuwa kadi za sauti, ambazo hatukuwa nazo. Tatu ilikuwa spika ya ndani. Nikabonyeza tatu. Kimya. Mtu mwingine angeacha, na mimi si mvumilivu, lakini kilichonipanda kilikuwa hasira zaidi ya subira. Nilichukua bisibisi ya cherehani ya mama nikafungua boksi. Spika ilikuwepo, imeshikizwa pembeni, nyaya zake zinaning'inia hewani. Baba aliniambia baadaye kwamba ofisini waliichomoa makusudi, ilikuwa inalia kila ikiwashwa na kumshtua bosi usingizini. Kwenye ule ubao wa kijani palikuwa na sindano nne, na pembeni yake herufi ndogo kama mayai ya chawa. Nilizisoma kwa tochi. Nikachomeka.

Kijitu kilipoangukia shimoni safari ile, kililia. Mama alikuja mbio kutoka uani na mwiko. "Nini hicho? Panya?" Lakini sauti ilikuwa ndogo mno, ukitoka sebuleni huisikii, na mimi sikutaka kitu kinachosema kama kinaomba radhi. Nikakumbuka kule Mwera kwa wajomba zangu, ambako vijana huweka spika ya redio ndani ya mtungi ili ngoma ivume. Mtungi tulikuwa nao, wa marehemu bibi, haujawekwa maji tangu uingie ufa. Niliunga nyaya ndefu za redio iliyokufa, nikaipitisha spika chini ya pazia linalotenga sebule na ukumbi, nikaishusha mtungini na kuibana kwa kitambaa. Wimbo wa gemu ukatoka pale mnene, wa kifuani, nyumba nzima ikasikia. Baba aliinuka kitini. Alikwenda akainama juu ya mtungi, akasikiliza mpaka wimbo ukaisha, kisha akaniambia nipige tena. Kwa mara ya kwanza tangu aachishwe kazi, niliona meno yake. Akasema, mama yupo na Hatibu yupo, kwamba rafiki yake Bwana Seif, Mpemba aliyekuwa akifungua darasa la kompyuta mjini, amekubali kumfundisha mtoto mmoja wa nyumba hii bure kwa ajili ya urafiki wao. "Aliyeifanya iseme ndiye atakayekwenda." Niliyaandika maneno hayo kwenye daftari langu siku ileile. Daftari ninalo.

Bwana Seif alisema anakuja Alhamisi baada ya alasiri, aione mashine na amwone kijana. Siku mbili nilifanya mazoezi ya maneno ya kumwambia. Alhamisi mchana nilioga, nikavaa gauni la Idi, na mama akanikuta natafuta kitana. "Unakwenda wapi?" Nikamwambia si mgeni anakuja. Akanitazama kwa mshangao wa kweli. "We mwari, ukakae sebuleni na mwanamume wa watu? Utamwambia nini? Utakaa huku, Hatibu ataonyesha." Nikakimbilia kwa baba. Baba alikuwa anapangusa kofia yake. "Baba, ulisema." Akaendelea kupangusa. "Msikilize mama yako," alisema. Ndiyo yote aliyosema, na kofia ilikuwa safi.

Basi nilikaa nyuma ya pazia, sakafuni, pembeni ya mtungi, na sinia la kahawa na haluwa mbele yangu. Nilimsikia Bwana Seif akiingia, Hatibu akimwamkia shikamoo, naye akaitika marahaba kwa sauti nzito ya watu wa kwao. Nikasikia kitambaa cha mama kikivutwa. Mashine ikawaka. "Haya kijana, baba yako kanambia mmeifanya ikasema." Vidole vya Hatibu vikagonga, na baada yake pakawa kimya. Nilijua mara moja. Kabonyeza moja. Nilikuwa nimemweleza mara mbili, naye mara zote mbili alikuwa ananijibu ndiyo ndiyo huku anatafuta viatu vyake. Bwana Seif akakohoa. "Yakhe, mbona kimya?" Hatibu akasema labda umeme mdogo. Akaanza upya. Kimya tena. Kisha Bwana Seif akacheka, kicheko cha mtu mwema anayetaka kumwondolea mwenzake aibu. "Si kitu, ndugu yangu. Wamekupa gofu. Walijua wanalolitoa."

Nilimwona baba bila kumwona, kofia magotini. Mimi nilikuwa na mambo mawili mkononi. Ningenyamaza, Hatibu angeshindwa, na huenda jioni baba angekumbuka ahadi yake. Au nisinyamaze. Nilikunja kidole nikagonga mtungi. Mara moja, mara ya pili, mara ya tatu. Sauti ikavuma. "Nani huyo?" aliuliza Bwana Seif. Mama akasema kutoka mlangoni, "Mtoto anatwanga hiliki." Lakini Hatibu alielewa. Akabonyeza tatu, na wimbo ukatoka mtungini, ubavuni kwangu, mpaka haluwa ikatetemeka kwenye sinia. "Yakhe!" Bwana Seif alipiga kelele. "Sauti yatoka wapi? Kijana, wewe umeyafanya haya?"

Nilisubiri. Nilihesabu pumzi. Kulikuwa na nafasi kubwa ya mtu kusema ni dada yangu, maneno matatu, hata matatu hayafiki ukisema mdogo wangu. Hatibu akasema, "Ndiyo." Na baba, aliyekuwa anayajua yote, akasema, "Karibu kahawa." Sinia likachukuliwa mikononi mwangu na mkono wa mama kupitia ubavu wa pazia. Hatibu alianza darasa Jumamosi. Nilipolia usiku ule mama alinishika kichwa, akaniambia kwa upole kabisa, "Si nduguyo? Akijua yeye, umejua wewe." Aliamini. Hilo ndilo linalonichosha mpaka leo, kwamba nyumba ile haikuwa na mtu mbaya hata mmoja wa kumchukia vizuri.

Nilijifunza kwa madaftari yake, aliyoyaacha yakiwa na madoa ya mafuta ya chipsi. Sasa Hatibu ana duka lake la kompyuta, na mimi ndiye ninayelifungua. Natengeneza, yeye anapokea shukrani. Spika za siku hizi zinatingisha vioo, na ndani ya lile duka nakaa kutwa na wanaume wa watu, mafundi na madereva na wanafunzi, wananiuliza nawajibu, na mama mwenyewe ndiye anayeniamsha alfajiri nisichelewe. Hakuna aliyewahi kunieleza pazia liliondolewa lini. Nadhani liliondolewa siku ilipoonekana kwamba kazi yangu ina faida. Baba sasa hasikii vizuri. Nikimuuliza habari za mashine ile anasema Hatibu alikuwa hodari tangu utotoni, na mimi namwekea chai yake.

Jana jioni, baada ya wateja kuondoka, nilikuta mezani barua kutoka shule moja ya wasichana Muheza. Wamepewa kompyuta kumi na hawana wa kuwafundisha, wanamwomba Hatibu awapelekee kijana wa kuanza Jumatatu. Yeye alikuwa ameandika pembeni kwa kalamu nyekundu: hatuna kijana. Jumatatu ni kesho. Nimepiga pasi sketi yangu ya kijivu na vyeti vyangu vya shule vimo kwenye bahasha. Asubuhi nitamwachia mama funguo za duka kabla hajasimama kunipikia uji, nitapanda basi la kwanza la Muheza, na mwalimu mkuu akiniuliza nimetumwa na nani, nitamwambia sikutumwa na mtu.