Nguo za Kwendea Chumba cha Chai

Msimu wa harusi ulikuwa umemchosha Mwanakuu hadi nyayo. Kazi yake ni kupamba maharusi, na mwezi ule kila nyumba ya Mji wa Kale ilikuwa ikiozesha msichana. Alitoka kwa huyu akaingia kwa yule, begi la pini na nyuzi begani, magoti yakimlalamikia kwenye ngazi za mbao ambazo waliozijenga hawakumfikiria mwanamke wa makamo atakayezipanda na sinia ya hina mkono mmoja na chetezo mkono wa pili.

Kuna miji ambayo mtu hupimwa kwa viatu vyake, na kuna miji ambayo hupimwa kwa saa anayoivaa. Mtaani kwake Kuze, mtu hupimwa kwa harufu anayoiacha kichochoroni akishapita. Huko nguo iliyofuliwa na kupigwa pasi bado haijawa tayari. Hutandazwa kwanza juu ya tundu la fito, chini yake kikawekwa chetezo cha makaa na udi, ikanywa moshi mpaka kwenye mishono. Mwanakuu alijifunza hayo kwa mamake, akayafanya riziki, na kwa riziki hiyo akamlea binti yake Raihana peke yake tangu mumewe alipofariki.

Raihana alikuwa kidato cha tatu, na sasa alikuwa na siku yake mwenyewe. Shule iliwapeleka wanafunzi kazini, kila mmoja amwandame mfanyakazi kutwa nzima aone kazi inavyofanywa. Wenziwe walichagua benki na hospitali. Raihana alitaka chumba cha kuonja chai. Tangu mdogo alikuwa na ulimi wa ajabu; alipiga funda moja asubuhi akasema, "Mama, haya si majani ya dukani kwa Riyadh, umenunua wapi?" na kweli yalikuwa yamenunuliwa kwengine. Mwalimu Nekesa alihangaika muhula mzima hadi ofisi moja karibu na Mbaraki, inayoonja chai ya bara kabla haijapelekwa mnadani, ikakubali kumpokea mwanafunzi mmoja. Na mwonjaji mkuu wa hapo alikuwa ametoa ahadi: siku hiyo ikienda vizuri, msichana atarudi likizo afundishwe. Isipoenda vizuri, hapakuwa na ofisi nyengine iliyokubali.

Ndiyo maana jioni ya kuamkia siku hiyo mama na mwana walibishana juu ya nguo.

"Hili buibui la nakshi ulivae lini kama si kesho?" Mwanakuu aliuliza.

"Mama, siolewi."

"Nani kasema waolewa? Waenda mbele za watu."

"Mwalimu amesema nguo isiyo na mapambo, isiyoburura chini. Viatu vya kufunika vidole. Bangili hapana, manukato hapana. Chai yaharibika."

"Haya, haya. Mwalimu ndiye mamako."

Lakini aliyashika yote. Alilitoa buibui jeusi la kawaida, akalipandisha upindo ili lisikanyagwe ngazini. Alimvua bangili. Chupa za manukato alizifungia kabatini, na mafuta ya haludi pia, na asumini aliyoletewa na jirani akaipeleka chumba cha pili. Aliona fahari kidogo kwa namna alivyotii. Kisha, miguu ikimwaka moto, akawasha makaa, akalitandaza lile buibui juu ya tundu pamoja na ushungi na gauni la ndani, akatia udi alioupika mwenyewe. Hakujiuliza. Mtu hajiulizi kama apige pasi au asipige.

Asubuhi Raihana alipotoka kuoga, mamake alimkalisha kwenye kigoda akazikausha nywele zake kwa moshi ule ule, kama alivyofanya maisha yake yote. Na ile pua iliyoweza kutofautisha majani ya duka hili na lile haikusikia kitu. Ilizaliwa ndani ya udi; kwake udi ulikuwa hewa ya nyumbani.

Walichukua tuktuk. Langoni, mlinzi aliyeitwa Morgan aliwafungulia, akavuta pumzi, akasema, "Karibuni. Leo kuna harusi?" Mwanakuu akalipokea kama sifa.

Ndani walimkuta Nanjala, mwanamke mchangamfu aliyeosha vikombe na kupokea wageni kwa pamoja, na kabla hawajaketi, Bwana Kioko, mwonjaji mkuu, alishuka ngazi. Alikuwa mtu mwembamba wa koti jeupe, mwenye macho ya kutolala vizuri. Alisalimia, kisha akarudi nyuma ngazi moja.

"Samahani, mama. Nani kati yenu amejipaka kitu?"

"Hakuna aliyejipaka," akasema Mwanakuu, kwa uhakika wa mtu aliyefunga kabati kwa mkono wake.

"Harufu nimeanza kuisikia nikiwa juu."

"Ah! Huo ni udi tu."

"Udi tu?"

"Udi si kitu cha kujipaka, baba. Udi ni usafi wa nguo."

Kioko alijifuta uso. Hakukasirika, na pengine angekasirika ingekuwa rahisi zaidi. "Mama, leo nina vikombe vimejaa meza nzima, na majani yako wazi. Chai hunywa harufu kuliko nguo zako. Msichana akiingia hivi, mimi nitaonja udi mpaka jioni, na mkulima wa Kericho atapata bei mbaya kwa kosa lisilokuwa lake. Akae hapa chini na Nanjala, aangalie makaratasi. Chumba chenyewe, hapana."

Raihana hakulia. Mwanakuu aliwahi kuuona uso kama ule kwa bi harusi aliyeambiwa kadhi hajafika: umetulia tuli, ukingoja kuona watu wazima watafanya nini.

"Mama, si ulisema hukutia kitu?"

"Sikutia."

"Ulinifukiza."

"Kila siku nakufukiza!"

"Na leo pia?"

Mwanakuu alikuwa amepamba wasichana wa watu mwezi mzima, mmoja mmoja, bila mama yeyote kumlaumu, na huyu wake mwenyewe ndiye aliyesimamishwa mlangoni. Akaanza kuwaza pa kupata nguo. Nyumbani? Kabati lake ndilo hasa. Kwa dadake Fadhiya? Fadhiya hufukiza hata mapazia. Alizipitia nyumba kwa akili, kuanzia Kuze hadi Ndia Kuu, na hakukuwa na kabati alilolijua ambalo lingefunguliwa bila kutoa harufu.

"Mimi niko na sketi na blauzi hapo nyuma," Nanjala akasema. "Za kuvaa nikitoka kazini. Nimefua na sabuni ya kipande, hazina mambo."

"Hiyo sketi yafika wapi?"

"Mama, inafika mahali."

"Mahali wapi, mwanangu?"

Nanjala akajionyesha magotini, akicheka. Mwanakuu hakucheka. Alimtazama Kioko, na Kioko, ambaye alikuwa na binti pia, alielewa bila kuambiwa. "Kuna koti langu la akiba," akasema. "Mimi ni mrefu, yeye ni mfupi. Litamfika karibu na viatu."

"Na kichwa?"

Nanjala akaenda kabatini akarudi na kitambaa kipya cha pamba nyeupe, bado kina mikunjo ya dukani. Vilinunuliwa vya kufutia vikombe, akasema, lakini hiki hakijagusa kikombe.

Kioko alitazama saa. "Nitaanza na meza ya mbali. Akiwa tayari nitamnusa mimi mwenyewe. Nikisikia kitu, basi."

Msalani mlikuwa na sinki moja na kioo kilichovunjika pembe. Raihana akavua ushungi, na Mwanakuu akakunja mikono ya nguo yake ili amwoshe nywele. Nanjala akamzuia kwa upole.

"Mama, si hiyo mikono."

Mwanakuu aliinusa. Hakusikia kitu. Lakini alielewa. Miaka yote ile ya kushika makaa na udi ilikuwa imeingia kwenye ngozi, na sabuni ya sinki ile isingeitoa. Akarudi nyuma hadi nje ya mlango, akasimama ukumbini kama mgeni, na akamwacha mwanamke aliyemjua asubuhi ile amwoshe mwanawe kichwa.

"Rudia tena," alielekeza. "Nyuma ya masikio. Hapo moshi hukaa."

"Maji baridi, Mama!"

"Vumilia. Nanjala, usizikamue kama nguo, zitakatika."

"Sizikamui, mama, nazibembeleza."

Walipofika kwenye kitambaa, mambo yakawa magumu. Mwanakuu angeweza kumfunga mtu ushungi akiwa nusu usingizini, na juzi alifanya hivyo hasa. Kuueleza kwa maneno kulimshinda.

"Kunja pembe kwa pembe. La, pembe nyengine. Lete mbele, usikaze masikioni. Sasa vuta chini ya kidevu."

"Huku?"

"Huko ni puani, bibi!"

Raihana akaangua kicheko, na Nanjala naye akashikwa. "Kwetu tunafunga nyuma tu, tunaendelea na maisha," alisema, pini mdomoni. Alipomaliza, kitambaa kilikuwa kimelala upande na nyuma kimefura. Koti lilining'inia mabegani, mikono imekunjwa mara nyingi. Mwanakuu alimwangalia mwanawe kutoka mbali. Vidole vyake vilitaka kwenda wenyewe; pini moja tu kushoto, mvuto mmoja nyuma, na kitambaa kingekaa sawa. Akaviweka vidole hivyo mgongoni, kimoja kikashika kingine.

Kioko alishuka. Alimzunguka msichana pole pole, akainamia bega la koti, akafumba macho. Nanjala aliacha kukausha sinki. Ulikuwa muda mrefu kwa jambo dogo kama pumzi.

"Nasikia sabuni ya kipande," akasema hatimaye. "Sabuni hiyo nimeizoea, Nanjala hunipitia nayo kila siku. Simama karibu na dirisha mpaka nywele zikauke, halafu uje mezani. Na mama, samahani sana. Wewe lazima utoke nje. Hata ukumbini ni karibu."

Mwanakuu akatoka. Alikaa kwenye benchi la saruji upande wa pili wa ua, Morgan akamsogezea kivuli cha mwavuli wa zamani. Simu ililia, familia ya bi harusi wa Ndia Kuu, ambaye angempamba siku ile, iliuliza yuko wapi. Akasema anakuja. Hakuondoka. Usingizi ulimpitia akiwa ameketi, kichwa kikamwinamia kifuani.

Adhuhuri sauti ya mwanawe ilimwamsha. Raihana alikuwa amesimama ngazini, upande ule wa ua, na Mwanakuu alipotaka kuinuka kumfuata, msichana akanyanyua mkono.

"Mama, usije! Narudi ndani baada ya chakula!"

Basi wakazungumza hivyo, ua mzima katikati yao, kwa sauti za watu walio kwenye paa mbili.

"Wamekupa chai?"

"Nimeonja meza nzima! Wavuta kwa kijiko kwa kelele, kisha watema!"

"Watema chai ya watu?"

"Ndiyo kazi yenyewe, Mama!"

Morgan akacheka peke yake. Mwanakuu alinyanyua kikapu alichokuja nacho, viazi vya bizari na samaki wa kupaka, kisha akakishusha bila kuambiwa. Akamtuma Morgan dukani kwa mkate mtupu na maji. Alimtazama mwanawe akila mkate huo mkavu kwa hamu, nywele zisizochanwa zikionekana pembeni mwa kitambaa cha kufutia vikombe, na koti la mwanamume mwilini. Angempita mtaani angesema huyu ni mtoto aliyetoroka nyumba inayoungua. Na kwa hali hiyo ndiyo alipokelewa.

"Amekwambiaje, Bwana Kioko?"

Raihana alimeza kwanza. "Amesema nimejua kikombe kilichowekwa majani ya zamani! Amesema nije likizo!" Kisha sauti ikapungua, Mwanakuu akalazimika kuinama mbele kusikia. "Lakini nije hivi. Kila siku nije hivi."

Mwanakuu angeweza kusema kwamba hakuna mtoto wa Kuze atokaye nyumbani namna ile. Angeweza kuuliza watu watamwonaje mpambaji ambaye bintiye hapambwi. Maneno yote yalikuwapo, na alikuwa amechoka mno kuyabeba. Na alipoyaweka chini kwa uchovu, aliona kwamba hayahitaji kuokotwa tena.

"Zungumza na Nanjala," akapaza sauti. "Akuwekee nguo hapa. Ubadilishe ukifika."

"Na nywele?"

Morgan alijifanya kuangalia lango.

"Nywele sitazigusa," akasema. "Utaziosha mwenyewe."

Raihana aliitikia kwa kichwa mara nyingi, kitambaa kikazidi kwenda upande. Kutoka juu Kioko alimwita kwa jina, na msichana akageuka, akapanda ngazi mbio, viatu vyake vya kufunika vidole vikigonga saruji.

Simu ya Mwanakuu ikalia tena. "Niko njiani, bibi," akasema. "Mwambieni bi harusi asilie, nyote msilie, niko njiani." Akaikata, akaitia mkobani. Alikuwa bado hajainuka kwenye benchi.