Pampu ya Lazare

Fundi wetu wa magari, hapa mtaani Auburn, husalimia gari kabla ya mwenye gari. Hufungua boneti, hunusa, kisha hujifuta vidole kimoja kimoja, hata vikiwa safi. Akikasirika sauti yake hushuka, na hapo sisi wa gereji huweka spana chini. Jana Lazare alileta gari lake la zamani la silinda nane, akijisifu kwamba amelifungia pampu kali ya petroli, ya umeme, ya gari la kisasa, ili injini inywe mpaka ishibe. Wajuaji wa namna hii hunichosha. Kabureta, kile kifaa cha kuchanganya petroli na hewa, ilikuwa imezidiwa na msukumo, petroli inatiririka juu ya injini ya moto.

“Nani kakuambia nguvu ni kumwaga mafuta?” fundi aliuliza, polepole.

Lazare akacheka. “Papa fundi, no worries, linakimbia sana. Jumapili tunakwenda nalo kanisani, familia nzima.”

Fundi akajifuta vidole. Akafungua mlango wa nyuma, akahangaika na mikanda ya kiti cha mtoto, akakibeba mpaka kwenye meza yake ya kazi na kukiweka katikati ya vyuma.

“Gari chukua,” alisema, kwa sauti iliyotulazimu kusogea ili tuisikie. “Kiti kinabaki hapa.”