Elfu Thelathini za Mtunga Michezo

Saa mbili asubuhi, Seline Adoyo anafuta vumbi kwenye kompyuta za chuo kimoja cha uchapaji mjini Kisumu. Wanafunzi wanaketi wawili wawili, mashine hazitoshi.

"Bonyeza polepole, si mahindi unapukuchua," anamwambia mmoja. Darasa linacheka. Yeye hacheki.

Seline, mwenye umri wa miaka ishirini na saba, hulipwa shilingi elfu nne na mia tano kwa mwezi kwa kufundisha, na kodi ya chumba chake mtaani Migosi inameza sehemu kubwa. Jioni, chuo kikifungwa, hubaki akiandika programu za michezo ya kompyuta, kazi ambayo wengi hapa hawajui kama ipo. Katika mchezo wake wa kwanza, mvuvi anapenyeza mtumbwi katikati ya gugumaji afike ufuoni kabla samaki hawajaoza.

"Nilisoma katika gazeti la ng'ambo kwamba watu wa kazi hii wanalipwa kama madaktari," anasema. "Nikajiambia, kwa nini si mimi?"

Mwaka jana, 1996, alikwenda Nairobi na diski mkobani, kwa kampuni moja inayouza kompyuta. Nauli ilitoka kwa mama yake, Dorca, mkulima wa Ahero, aliyeuza mpunga kidogo ulionusurika mafuriko. Meneja aliucheza mchezo, akausifu, akaomba abaki na diski ili wakubwa wake wauone. Kisha akamuuliza anatarajia mshahara gani.

"Elfu thelathini," Seline akajibu.

Meneja alicheka hadi akavua miwani. "Dada, hapa michezo inanakiliwa bure. Nani atakulipa?"

Alirudi mikono mitupu. Mama yake hakumlaumu. Alimpakulia chakula, akauliza tu, "Nyathina, mwanangu, mchezo ni mchezo. Kazi utaanza lini?"

Miezi michache baadaye, akipita karibu na stendi, alisikia mlio alioutunga mwenyewe. Ndani ya kibanda cha michezo ya kompyuta cha Bwana Walubengo watu walikuwa kwenye foleni, kila mmoja na shilingi tano ya zamu yake. Mvuvi wake alikuwa kwenye kioo. Jina la Seline lilikuwa limefutwa.

"Nilitaka kupiga kelele. Halafu nikaona wanavyofurahi. Nikapanga foleni, nikalipa."

Alipojieleza, Walubengo alishika kichwa. "Madam, haki ya Mungu, hiyo diski nilinunua Nairobi. Sikujua ina mwenyewe." Akamnunulia soda. Seline alipompigia meneja simu, aliambiwa hakumbukwi.

Mwezi ujao ana usaili katika kiwanda kimoja cha sukari kinachotafuta mtu wa kuandika programu ya kulipa mishahara ya wafanyakazi. Atataja elfu kumi. Akipata, anataka kumhamishia mama yake mahali palipoinuka kabla mvua haijarudi.

Na michezo?

"Nimeanza mwingine," anasema. "Lakini huu hatauona mtu mpaka aniambie atanilipa nini."