Wimbo wa Kuzolea Majivu

Nilikwenda Ruangwa mwezi uliopita kwenye kipaimara cha mtoto wa dada yangu, na huko kanisani nikapatwa na jambo ambalo mpaka leo sijalizoea. Wakati wa sadaka kwaya ilisimama, kinanda kikalia, wakaanza: “Nakusifu nikichota maji, nakusifu nikipepeta ufuta.” Mkono wangu wenye sadaka ukabaki hewani. Dada akanigusa ubavuni, “Vipi, unaumwa?” Wimbo ule ulikuwa wa bibi yetu. Alijitungia mwenyewe, uani kwetu Mnero, na hakuwahi kuuimba kanisani hata siku moja.

Wewe uliyelelewa na bibi utanielewa. Dada alilelewa kwa wazazi, mimi nikabaki Mnero, na asubuhi zangu zote zilianza na sauti ile. Aliimba akisugua sufuria kwa mchanga, akimenya muhogo, akitwanga kisamvu, na mchi ndio ulikuwa ngoma yake. Maneno aliyabadilisha kufuatana na kazi iliyo mkononi. Siku akipika mbaazi, Mungu alisifiwa kwa mbaazi. Kuku wakiingia jikoni, aliwafukuza humo humo ndani ya wimbo, na mimi nilicheka hadi uji ukanitoka puani. Alikuwa akisema Mungu hasubiri Jumapili, hata sisi tusimsubirishe.

Mwaka mmoja ufuta ulikubali sana. Tulivuna, tukapepeta, tukaweka magunia yote ndani tukisubiri mnada. Basi mchana mmoja wa upepo, watu wakisafisha mashamba kwa moto, cheche zikaruka zikatua kwenye paa letu la nyasi. Tulikuwa kisimani. Tuliporudi, kuta zilikuwa zimesimama zenyewe, nyeusi, na hewa yote inanukia ufuta wa kukaanga. Harufu nzuri kabisa, ndugu yangu. Hilo ndilo lililonitisha kuliko moto wenyewe, kwamba mwaka wetu mzima ulikuwa unanukia vizuri namna ile.

Tulilala kwa mama jirani, Mwislamu, ambaye ua wake ulipakana na wetu. Asubuhi nikaamka, bibi hayupo. Nikasikia sauti. Nikatoka mbio, nikamkuta katikati ya kile kilichokuwa chumba chetu, kainama na ungo wake uliokatika ukingo, anaimba:

“Nakusifu nikizoa majivu, jiko langu leo limekuwa kubwa.”

Nilidhani akili imemruka. Mama jirani naye alikuja na bakuli la uji, akasimama pale pale, uji unamwagika hajui.

“Mama, jamani! Nyumba imeisha, ufuta umeisha, wewe unaimba?” akamaka mama jirani.

Bibi hakuinuka. “Nisipoimba, mwanangu, nitapiga mayowe. Na nikianza mayowe sitanyamaza tena. Chagua wewe unachotaka kusikia.”

Mama jirani akanikabidhi bakuli. Akajifunga kanga kiunoni, akainama karibu na bibi, akaanza kuzoa. Hakuimba. Lakini jua lilipopanda nilimsikia anaufuata ule wimbo kwa kuguna chini kwa chini, na bibi akapunguza sauti ili wapate kwenda pamoja. Mstari ule wa majivu bibi hakuurudia tena maisha yake yote. Tuliousikia tulikuwa mimi na mama jirani tu.

Sasa fikiria niko Ruangwa, watu wazima kwa watoto wenye sare za kijani wanaimba, “Nakusifu nikizoa majivu, jiko langu leo limekuwa kubwa.” Waumini wanapiga makofi.

Ibada ilipoisha nilimfuata mwalimu wa kwaya, dada mmoja kijana. Akaniamkia shikamoo. Nikaitikia, nikamuuliza huu wimbo kautoa wapi.

“Kwa mama mmoja Mwislamu,” akasema. “Nilikuwa namuuguza baba hospitali, Nachingwea. Yeye anamuuguza mume wake, kitanda cha pili. Kila asubuhi akimfulia, anaimba. Nikamwambia, mama, mbona huu kama wa kanisani? Akanijibu, ‘Ni wa jirani yangu. Mimi nauimba nikizidiwa.’”

“Mume wake alipona?”

Akatikisa kichwa. “Siku ile alifunga vyombo vyao, akakunja shuka, akatoka wodini anaimba taratibu. Nikasema huu wimbo sitauacha upotee.”

Nilikaa kwenye benchi la nje. Mimi ndiye mjukuu, na huo mstari sikuwahi kumwimbia mtu.

Ule ua wa Mnero umeshapandwa mikorosho ya watu wengine, na bibi tulimzika zamani. Jana nilikuwa nasugua sufuria nyumbani kwangu, nikasema ngoja niimbe kama yeye. Maneno yalikuja yote. Ila nilipotega sikio nimsikie bibi, nilisikia kwaya na kinanda chao, vizuri kabisa, sauti zote nne. Nikafunga maji ya bomba, nikajaribu tena kwenye ukimya. Bado ilikuwa kwaya.