Mti wa Leta katika Shamba la Cécilia

Huku kijijini Wamaza, mtu akikuazima shamba amekuazima muhogo, karanga, mpunga, hata mahindi ukipenda. Mti hakuazimi. Muhogo utang'olewa, utaliwa, kesi imekwisha. Mti unabaki pale, na kesho kutwa watoto wako watasimama chini yake waseme: huu alipanda mama yetu, basi udongo ni wetu. Sheria hiyo hakuna aliyeiandika na hakuna asiyeijua. Hata mpapai ukijiotea wenyewe kutokana na mbegu aliyotema mtoto, mwenye kuazima anaung'oa haraka kabla mwenye udongo hajapita.

Cécilia aliijua sheria hiyo kuliko nyimbo za kwaya, na kwayani hakuwahi kukosa. Shamba alilolima, ng'ambo ya kijito, lilikuwa la marehemu mume wake Hippolyte, yaani la ukoo wa Hippolyte. Siku ya kilio, shemeji yake Marcellin, mkubwa wa ukoo, alisema mbele ya watu: mwacheni alime, ana watoto. Hakusema mpaka lini. Tangu hapo kila msimu alipita shambani mikono nyuma, akatazama mistari ya karanga, akauliza habari za afya, akaenda zake. Mtoto wake Héritier alikuwa anatafuta kuoa, na mwenye kuoa anahitaji shamba. Marcellin hakuwahi kumfukuza Cécilia, hapana, si mtu wa fujo. Alikuwa anangoja tu mama akosee, naye Cécilia hakuwa mtu wa kukosea.

Basi akaja Bwana Gaston, mtu wa mazingira, ametumwa na wakubwa wa teritwari, yaani wilaya. Pikipiki yake ilikuwa imejaa miche ndani ya vifuko vyeusi vya plastiki, mpaka yeye mwenyewe alionekana kofia tu. Aliita mkutano kwa chefu, mkuu wa kijiji. Akasema klima imeharibika, watu wamekata msitu, ndiyo maana mvua inachelewa, na ikifika inakuja na hasira na kubeba udongo wote kijitoni. Hayo hakuna aliyebisha, maana mwaka uliopita waliuona mpunga wao ukipita kwenye maji bila kuaga. Kwa hiyo, akasema Gaston, kila mwenye kulima karibu na kijito atapanda miti ukingoni, akasia na avoka, yaani parachichi. Asiyepanda ataitwa kwa chefu ajieleze. Watu wakapiga makofi. Wamaza watu hupigia makofi kila neno linalotoka kwenye kipaza sauti, usidhani wamekubali.

Cécilia akanyoosha mkono, akamwuliza Gaston. "Shefu, na mwenye kulima shamba ya kuazima?"

"Mama, klima haiulizi shamba iko ya nani."

Makofi tena. Marcellin hakupiga. Alikuwa anamtazama Cécilia, na uso wake ulikuwa mwema kupita kiasi.

Njiani Marcellin akamfikia Cécilia, akamwita kwa jina la mtoto wake mkubwa. "Mama Laura."

"Shemeji."

"Ile miti yako utapanda wapi?"

"Bado sijajua, shemeji."

"Panda tu. Leta imesema. Mimi nani nibishane na Leta?" Leta ndiyo serikali, na Marcellin alilitaja jina lake kwa heshima zote. "Lakini mutu akipanda muti kwenye udongo wa watu, unajua mwenyewe inaitwa nini."

Alijua. Inaitwa kunyang'anya. Ukoo unakaa, unasikitika, shamba linarudi. Na asipopanda, ataitwa kwa chefu kama adui wa klima, na Marcellin atasema kwa upole kwamba mwanamke mkaidi anaaibisha udongo wa wazee. Huku shamba linakwenda, na kule linakwenda. Cécilia aliogopa, tena aliogopa sana, maana shamba lile ndilo lililomlisha Laura na wadogo zake tangu baba yao alale. Akaiweka miche yake nyuma ya jiko, kivulini, akaimwagilia kila asubuhi kwa sababu hakuweza kuacha kitu kife bure. Ikastawi vizuri mno. Kwa kweli angependa ife kidogo. Miche ya Marcellin ililiwa na mbuzi wake kabla ya juma kwisha, na hakuonekana kuumia moyo.

Mvua zilipoanza, Gaston akarudi kufungua kampeni rasmi, na kijana wa kupiga picha kwa simu. Alitafuta shamba safi, lenye kijito nyuma yake, picha itoke vizuri. Shamba safi kuliko yote lilikuwa la Cécilia. Hakuna aliyemuuliza. Alikuta tu kijiji kizima kimesimama kwenye karanga zake, chefu akiwa mbele, na Gaston ndani ya buti mpya anachimba shimo.

Gaston akashusha mwavoka shimoni, akafukia, akaigeukia simu. "Huu muti nimepanda mimi, kwa jina la Leta!"

Yule kijana alikuwa amefunika jicho la kamera kwa kidole. Gaston akaung'oa mti, akaupanda tena, akasema tena, safari hii kwa sauti kubwa.

Hakuna makofi. Gaston alidhani watu wameguswa.

"Aka!" akasema Mama Benita, jirani wa Cécilia. "Basi shamba iko ya Leta."

"Leta imepanda," akaitikia mwingine.

"Na Leta haifi."

"Tena iko na watoto wengi."

Marcellin akapiga hesabu. Kuung'oa mti wa Leta ni kulala kashoti, yaani jela. Kuuacha ni kusema kwaheri kwa udongo wa babu. Akamsogelea Gaston. "Shefu, ule muti, unaweza kuurudisha?"

"Kuurudisha wapi, baba? Ni zawadi!" Akampa mkono wa hongera. "Sasa mwenye shamba aje tupige picha naye. Lakini awe na miti yake, apande pembeni ya huu wangu."

Hapo Marcellin akaona mlango wa kutokea. Mti mmoja wa mgeni, katikati ya miti ya mwenyeji, ni zawadi tu. Hata Mama Benita asingebisha hilo. Lakini mwenyeji lazima awe na miti, leo hii, mbele ya mashahidi, na miti yake yeye ilikuwa tumboni mwa mbuzi. Iliyobaki karibu ilikuwa ya Cécilia, na kijiji kizima kilijua ni ya nani; basi heri shamba liende kwa watoto wa ndugu yake kuliko kwa Leta. Akakata mbio na koti lake la suti mpaka nyuma ya jiko la Cécilia. Alirudi na beseni kichwani, amebeba miche yote ya shemeji yake, maji ya matope yakimtiririka shingoni.

"Mama Laura, panda."

Cécilia akaweka mikono kiunoni. "Mimi sipandi, shemeji. Udongo ni wa watu."

"Panda, nakuomba."

"Nikipanda inaitwa nini?"

Marcellin akamtazama chefu, akautazama mwavoka wa Leta, akazitazama buti za Gaston. "Inaitwa shamba yako," akasema chini chini.

"Watu wa nyuma hawajasikia, shemeji."

"Shamba ni ya Mama Laura!" akapaza. "Ni yake na watoto wake! Mwenye miti ni yeye!"

Ndipo Cécilia akapiga magoti akaanza kupanda. Kwa furaha mche wa kwanza akaupanda pamoja na kifuko chake cha plastiki, Laura akacheka, ikabidi kuutoa na kuanza upya. Alipanda ukingo mzima wa kijito. Gaston alisema hajapata kuona raia aliyeelewa mazingira namna ile.

Kesho yake asubuhi Marcellin akaja shambani, mikono nyuma. Cécilia alikuwa anamwagilia. Wakaulizana habari za afya.

"Mama Laura, yale maneno ya jana," akaanza Marcellin, akakohoa. "Unajua, yalikuwa kwa sababu ya Leta tu."

Cécilia akainua kichwa, akamwangalia miguuni.

"Shemeji," akasema, "umekanyaga muti wangu."

Marcellin akatazama chini, akaondoa mguu.